Kobalti inayotoka inapimwa tani kwa tani. Ile inayobaki ndani ya mwili wetu, nani anaipima?



Tarehe 4 Novemba 2025, maji ya sumu yalitoka kwenye bwawa la kiwanda cha sosiete Congo Dongfang Mining, yakaingia ndani ya makartie ya komine Annexe. Watu walipita ndani yake, wengine wakienda kazini, wengine sokoni, watoto wakienda masomo. Kisha siku chache waziri wa migodi alifika yeye mwenyewe, akasimamisha kazi ya kiwanda kwa miezi 3. Video zilizunguka kwenye kila simu ya muji. Na sisi tulizituma.

Kisha maji yalikauka, watu wakaanza kuongea mambo mengine. Sisi tunarudi nyuma kidogo, juu swali kubwa lilibaki pale pale. Mutoto anayecheza pembeni ya usine, mama anayeteka maji ya kisima kule, baba anayerudi nyumbani kila jioni na vumbi la mugodi kwenye nguo: wako na nini ndani ya damu? Na kama wanataka kujua, waende wapi?

Tuliuliza. Tulipita kwenye vituo vya afya kadhaa vya makartie yetu na swali moja: mutu akitaka kupima plombu ao kobalti ndani ya mwili wake, munafanya? Majibu yalikuwa karibu sawa. Malaria, ndiyo. Tifoide, ndiyo. Sukari, ndiyo. Plombu? Muuguzi mumoja alicheka, si kwa ubaya, akatuambia: «Ba jeune, hata ba gants tunajinunulia siye wenyewe.» Pale kwenye banki alikuwa amekaa mama mumoja na mutoto wake kwenye magoti. Akasema: «Banamupima malaria mara tatu, banamupa dawa mara tatu. Kikohozi iko pale pale. Na siye tunakaa pembeni ya usine.»

Hatusemi mutoto yule anaugua juu ya usine. Hatujui. Munganga hajui. Mama hajui. Shida tunayoandikia leo ni hiyo.

Serikali inajua kupima

Wengine watatujibu kwamba inchi yetu ni maskini, kupima ni kazi ya Wazungu. Tuangalie vizuri.

Congo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia. Mwaka 2025, kuanzia mwezi wa Februari, serikali ilisimamisha kobalti kutoka inje ya inchi, juu bei ilikuwa imeanguka. Mwezi wa Oktoba ikafungua tena, lakini kwa hesabu: tani 18.125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, tani 96.600 kwa mwaka 2026, na tani 96.600 kwa mwaka 2027. Hesabu ya namna hii haifanyiki na serikali isiyojua kupima. Kabla lori kuvuka Kasumbalesa, muzigo unatakiwa kupimwa kilo, na kupimwa tena ndani ya maabara: asilimia ngapi ya kobalti, ngapi ya shaba. Kuko CEEC, kuko OCC, kuko wakemia, kuko karatasi na muhuri. Juu ya nini? Juu pale kuko kodi.

Basi ile ile kobalti, ikipanda lori, iko na karatasi. Ikiingia ndani ya mwili wa mutoto wa Lubumbashi, haina karatasi, haina muhuri, haina munganga wa kuisoma. Ujuzi uko. Kinachokosa ni uamuzi kwamba mwili wa raia nao unastahili kupimwa.

Mambo tunayojua tayari

Muji wetu ulizaliwa na moto wa shaba. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na tanuru za kuyeyusha shaba zilianza kazi hapa mwaka 1911. Ile cheminée ndefu na ule mulima mweusi wa mabaki pembeni yake, tunaviweka kwenye picha sawa alama ya Lubumbashi. Lakini moshi ulikuwa na njia yake. Upepo wa hapa unatoka sana kusini-mashariki, na miaka mingi ulipeleka vumbi upande wa Penga Penga. Kule kuko fasi ambapo majani yenyewe yanakataa kuota.

Mwaka 2009, watafiti wa Université de Lubumbashi, pamoja na profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza kazi waliyofanya huku Katanga. Walikusanya mukojo wa watu 351. Kwa wale wanaoishi chini ya kilometa 3 ya mugodi ao usine, walikuta kobalti, arseniki, kadmi, plombu na urani kwa wingi. Kiwango cha kobalti kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa duniani kwa watu wa kawaida, watu wasiofanya kazi ya chuma. Kuko kipimo kinachotumika kwa wafanyakazi wa usine, ukikipita unatakiwa kuangaliwa. Kwa watoto wa karibu na usine, 87% walikuwa wamekipita. Watoto! Hawajawahi kuvaa kasketi ya mugodi hata siku moja.

Mwaka 2018, watafiti wale wakatangaza matokeo ya Kasulo, kule Kolwezi, fasi watu wanachimba kobalti ndani ya parcelle zao. Tena watoto ndio walibeba zaidi. Na mwaka 2020, kazi ingine, hii ya hapa Lubumbashi. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana na watoto 108 waliozaliwa bila kilema. Baba akiwa na kazi ya migodi, nafasi ya mutoto kuzaliwa na kilema ilionekana kuwa kubwa karibu mara 5 na nusu. Tuseme ukweli wote: idadi ya watu haikuwa kubwa, na kazi ya namna hii inaonyesha mambo mawili yanatembea pamoja, haimalizi kusema moja ndiyo inaleta lingine. Lakini inchi inayopenda watoto wake, ikisikia neno kama hili, inapima zaidi. Hainyamazi.

Na tazama: mukojo wa watu wa Katanga ulipanda ndege kwenda Ubelgiji juu ya kupimwa. Jibu lilichapwa kwa Kiingereza, kwenye majarida ya wataalamu. Profesa alifanya kazi yake, tunamushukuru. Ni nani alitafsiri jibu lile kwa mama wa Tshamilemba? Ni nani alilibandika kwenye mulango wa biro ya kartie? Kipimo kisichorudi kwa mwenye mwili hakimusaidii kitu.

Wenzetu walifika wapi

Kuko watu walianza na kipimo kimoja tu. Mombasa, kwenye inchi ya Kenya (hatusemi komine yetu), kuko kartie inaitwa Owino Uhuru. Kiwanda kilikuja pale kuyeyusha betri za zamani juu ya kutoa plombu. Mama mumoja, Phyllis Omido, alikuwa anafanya kazi ndani ya kiwanda. Mutoto wake akaugua, homa haikwisha, wakatafuta kila ugonjwa. Mwisho damu ikapimwa plombu, na ikaonekana. Akaacha kazi, akaenda nyumba kwa nyumba. Watoto wengine wakapimwa, wakakutwa nayo pia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ikaamua wakaaji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1,3. Uamuzi ulipingwa na kuvunjwa, halafu Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Ni safari ndefu. Lakini bila karatasi za damu, mbele ya jaji wangekuwa na kilio tu.

Karibu zaidi kuko Kabwe, Zambia. Kila chauffeur wa lori anayeenda Lusaka anaijua. Mugodi wa plombu wa Kabwe ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake halikufungwa. Inchi ile ilikopa makuta kwa Banki ya Dunia, na mwaka 2016 mpango ulikubaliwa wa kupima damu ya watoto, kuwapa dawa na kusafisha udongo. Haukumaliza shida, na wakaaji wa kule waliendelea kulalamika. Lakini mutoto wa Kabwe alipata mulango wa kugonga. Wetu hana.

Kupima si bure, lakini si mwezi wala nyota

Kwa plombu, kuko mashine ndogo inayoingia ndani ya sakoshi. Tone moja la damu ya kidole, dakika chache, jibu linatoka. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiwango cha plombu kinachojulikana kuwa salama kwa mutoto. Kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, inafaa kutafuta sumu inatoka wapi na kuifunga. Dawa za kuvuta plombu mwilini ziko, na mutoto akifika mikrogramu 45 anazihitaji. Lakini dawa ya kwanza ni kumutosha mutoto kwenye sumu. Ukimupa dawa na kumurudisha kwenye vumbi lile lile, umefanya bure.

Kobalti ni ingine. Inatoka haraka kwa njia ya mukojo, kwa hiyo kipimo kinaeleza siku za karibuni. Inaomba maabara kubwa. Maabara ya madini tuko nayo kwenye muji huu. Ya binadamu inaweza kujengwa pembeni yake.

Na ubunifu usidhaniwe ni kitu cha kutoka Ulaya tu. Pale Penga Penga, watafiti wa agronomia wa Université de Lubumbashi walitangaza mwaka 2010 kazi waliyofanya na majani ya hapa hapa Katanga, yale yanayovumilia shaba. Waliyapanda kwenye udongo uliokufa, wakiongeza chokaa na mboleo. Majani yakishika udongo, vumbi halipandi tena kuingia ndani ya sahani ya bukari. Hii ni dawa ya Lubumbashi, ilivumbuliwa Lubumbashi. Makartie mangapi yameipata?

Mikono nayo iko. Kati yetu kuko walioisoma kemia, biolojia, afya ya jamii, informatika. Diplome ziko ndani ya kabati, sisi tunauza megabaiti na kuendesha moto. Kuchukua maji ya kisima ndani ya chupa safi, kuandika tarehe na fasi, kuweka jibu kwenye ramani ambayo kila mutu anaiona kwenye simu, hiyo ni kazi tunaijua. Hatuombi huruma. Tunaonyesha kwamba wafanyakazi wa mpango huu wamekwisha kusoma, wanangojea tu.

Sheria iko, makuta yako

Katiba ya 18 Februari 2006, artikle 47, inatupa haki ya afya. Artikle 53 inatupa haki ya kuishi mahali safi. Artikle 54 inasema uchafuzi unaotokana na kazi ya biashara unaleta fidia ao malipizi.

Code ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 iliongeza mambo. Ridivansi ya migodi, ni 3,5% kwa shaba na 10% kwa kobalti tangu ilipoitwa madini ya strategia, inagawanywa hivi: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa provensi, 15% kwa muji, komine ao sheferi ya pale, na 10% kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Tena, kila sosiete inayochimba inatakiwa kuweka pembeni 0,3% ya mauzo yake yote ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji. Kwa hiyo mutu akituambia hakuna makuta, tutamuuliza tu: ile 15% imefanya nini? Ile 0,3% iko wapi? Tunaona majengo, tunaona mabango. Hatujaona mashine moja ya kupima damu ya mutoto.

Yale watatujibu

Watasema: «Malaria ndiyo inaua.» Ni kweli, na hatuombi mutu aache kutibu malaria. Lakini malaria inakausha damu ya mutoto, plombu nayo inakausha damu. Munganga asiyejua ya pili atatibu ya kwanza mara tatu, sawa tulivyoona.

Watasema: «Mutafukuza wawekezaji.» Watu wa Lubumbashi wanakula kwa mugodi tangu zamani za babu zetu. Hatutaki usine zifungwe na baba zetu wakae kwenye mulango. Lakini sosiete inayofanya kazi safi itapenda kupimwa, juu kipimo kitaitofautisha na ile inayotupa maji usiku.

Watasema: «Mutatisha watu.» Watu wamekwisha kuogopa. Leo kila kikohozi ni sumu, kila mimba inayotoka ni sumu, na nabii anauza mafuta ya kuondoa sumu. Jibu la kweli, hata likiwa baya, linaondoa hofu kuliko kunyamaza.

Tunayoomba

1. Serikali ya provensi na Division ya afya wafungue kipimo cha plombu bila malipo, kuanzia Hopitali Sendwe na Cliniques universitaires, kisha kwenye vituo vya afya vya makartie yaliyo chini ya kilometa 3 ya usine. Watoto wa chini ya miaka 6 na mama wenye mimba wawe wa kwanza.

2. Maji ya visima na ya foraji, udongo wa viwanja vya masomo, na mboga za bustani za pembeni ya mito ya Lubumbashi, Naviundu na Kafubu vipimwe kila miezi 3. Majibu yabandikwe kwenye kila biro ya komine, kwa Kiswahili na Kifaransa, jina la kisima na hesabu yake.

3. Kila sosiete imupe mufanyakazi wake karatasi ya kipimo chake mwenyewe. Iweke duche na mashine za kufua ndani ya usine, ili nguo za kazi zisifike nyumbani.

4. Sehemu inayojulikana ya 15% na ya 0,3% iwekwe kwa kazi hii, na hesabu zitangazwe kila mwaka mbele ya wakaaji.

5. Maabara ya Université de Lubumbashi ipewe mashine na umeme wa kuaminika, na vijana waliomaliza masomo waandikwe kwa kazi hii kwa mashindano ya wazi, bila «coop».

Tutapeleka barua yenye maneno haya kwenye biro ya gavana, kwenye Assemblée provinciale na kwenye kila komine 7. Tutachapa hapa tarehe iliyopokelewa na muhuri wake. Kisha siku 30, tutachapa majibu. Kama hakuna jibu, tutachapa kwamba hakuna jibu, na tutakaa mbele ya mulango kwa amani, na maji ya visima vyetu ndani ya chupa.

Tukingojea, tujilinde

Mambo madogo yako ambayo hayangoji gavana. Maji yakichemka, vijidudu vinakufa, lakini chuma haitoki. Kisima kikiwa karibu na usine, tusidanganyike na kuchemsha. Tutafute maji mengine ya kunywa, hasa kwa mutoto mudogo. Lengalenga na sombe zioshwe kwa maji mengi juu ya kuondoa vumbi, ingawa ile iliyoingia ndani ya jani haitoki. Ndani ya nyumba tupanguse na kitambaa chenye maji mbele ya kufagia. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula. Nguo za baba wa mugodi zifuliwe pekee. Na ukienda kwa munganga, mwambie unakaa wapi na nani kwako anafanya kazi ya madini. Hata kama hana mashine, ataandika. Karatasi zikijaa neno hilo, siku moja mutu atalazimika kulisoma.

Nduguyetu uliyesoma mpaka hapa: andika chini jina la kartie yako na maji unayokunywa, ni ya kisima, foraji ao Regideso. Usiandike jina lako. Kwa majibu yenu tutaanza ramani ya kwanza, ya mikono yetu wenyewe.

Lori za kobalti zitaendelea kupita Kasumbalesa, kila moja na karatasi yake. Watoto wa Lubumbashi nao wapate karatasi yao.

Tupimwe. Tuambiwe. Tutunzwe.

Lubumbashi, kwa jina la vijana wa harakati.